Bwawa ni la umma, bata si wa kujichukulia: kuwinda ndege wa maji Nyumba ya Mungu

Kila mwaka kiangazi kinapokolea na maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu yakaanza kurudi nyuma, naulizwa swali lilelile na watu tofauti. Safari hii ni kijana mmoja pale stendi ya Moshi. Alinionyesha video kwenye simu: Wamarekani wamejibanza ndani ya matete kando ya bwawa, mbwa anaogelea kumfuata bata aliyedondoka. "Shikamoo mzee. Hivi bwawa letu si lina bata kuliko hilo? Mtu mwenye bunduki yake halali akienda pale alfajiri, kuna kosa gani?"

Kosa lipo, na ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kazi yangu ilikuwa ya wanyamapori, na sehemu yake kubwa niliifanya huku tambarare chini ya Kilimanjaro. Nimewaona watu wazima wenye familia wakiingia matatani kwa ajili ya ndege ambao hata kitoweo cha siku mbili hawatoshi. Kwa hiyo nalieleza jambo hili kwa kirefu, ili anayetaka kuwinda ajue njia ilivyo, na asiyejua asiponzwe na video.

Nianze na hao Wamarekani, kwa sababu hawakujiendea tu. Kule, mwindaji wa bata mwenye umri wa miaka 16 na zaidi hununua stempu ya bata ya serikali kuu, utaratibu ulioanza mwaka 1934, mbali na leseni ya jimbo lake. Idadi ya bata anaoruhusiwa kwa siku imepangwa, tena aina kwa aina. Bunduki yake haitakiwi kubeba zaidi ya risasi tatu kwa mkupuo. Na tangu mwaka 1991 marisau, yaani punje za bunduki, yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi ni marufuku nchi nzima kwa uwindaji wa ndege wa maji. Video haionyeshi hata kimoja katika hayo. Inaonyesha bata akianguka.

Sasa turudi nyumbani. Nyumba ya Mungu si ziwa la asili. Ni bwawa lililojengwa katika miaka ya 1960 mahali mto Kikuletwa, unaokusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, unapokutana na Ruvu inayotoka Ziwa Jipe. Chini ya ukuta ndipo Pangani inapoanza safari yake ya kwenda Tanga. Maji yale yanazalisha umeme, megawati 8 pale pale kwenye ukuta, kisha yanakwenda kuendesha mitambo ya Hale na Pangani. Usimamizi wa maji yenyewe uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake ipo hapa Moshi. Uvuvi una sheria yake na leseni zake kupitia halmashauri. Mfugaji ananywesha ng'ombe, mama anachota maji, mvuvi anasukuma mtumbwi. Hakuna uzio wala geti.

Hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Mtu akishazoea kwamba anafika majini wakati wowote bila kuulizwa, anaona na kilichomo ni chake. Samaki anavuliwa, basi bata naye apigwe. Lakini ruhusa ya kufika kwenye maji haikupi ruhusa ya kuwinda kwenye maji hayo. Leseni ya uvuvi nayo haimgusi ndege hata mmoja. Mvuvi anayemkuta bata amenasa kwenye wavu wake akaamua kumchinja yuko nje ya leseni yake papo hapo.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Sura ya 283, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema wanyamapori wote Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Ndege wa porini wamo humo, na mayai yao pia yamo. Wengi wakisikia "wanyamapori" wanawaza tembo na simba. Bata anayeelea mbele ya kijiji cha Lang'ata kando ya bwawa ana ulinzi wa sheria hiyohiyo. Na kuwinda hakuanzii kwenye mlio wa bunduki. Ukitega, ukinyemelea, ukifukuza kwa nia ya kukamata au kuua, tayari unawinda.

Njia halali ikoje, basi? Silaha ina mlango wake. Leseni ya kumiliki bunduki hutolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mlango huo uko polisi. Hapo ndipo kijana wangu wa stendi alipokwama: alidhani bunduki halali inahalalisha uwindaji. La. Leseni ya bunduki inasema unaruhusiwa kuwa nayo tu. Kuwinda kunahitaji leseni ya uwindaji, na hiyo inatoka upande wa wanyamapori, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, na maafisa wanyamapori wa wilaya. Leseni hiyo hutaja aina ya mnyama au ndege, idadi, eneo na muda. Idadi hutokana na mgao ambao serikali huupanga, na mgao ukiisha umeisha hata kama mfukoni una fedha za ada. Msimu hufunguliwa mwezi Julai. Uwindaji wa wenyeji umewahi kusimamishwa na serikali, kwa hiyo usimsikilize mtu anayekwambia "mwaka ule tulikuwa tunakwenda tu". Swali la kupeleka ofisini ni la mwaka huu, la eneo hili, la ndege huyu.

Neno eneo linahitaji kusemwa zaidi, maana Nyumba ya Mungu ina shida ambayo mabwawa mengine hayana. Mwambao wake umegawanywa kati ya Moshi na Mwanga, ambazo ni Kilimanjaro, na Simanjiro, ambayo ni Manyara. Ukisukuma mtumbwi kutoka upande wa Lang'ata ukavuka kwenda ng'ambo, umehama mkoa bila kuona alama yoyote. Ndege hajui mipaka hiyo, lakini leseni yako inaijua. Umempiga bata ukiwa upande mmoja, upepo wa jioni ukamsukuma mpaka ng'ambo, nawe ukamfuata na bunduki mkononi: hapo afisa wa wilaya ya pili ana haki ya kukuuliza umefuata nini. Mwenye nia njema hufika kwenye ofisi zote zinazohusika kabla hajapakia chochote garini, na hupita pia kwa viongozi wa kijiji anachoshukia. Hii ya pili nasema kwa uzoefu wa kazi. Mlio wa bunduki alfajiri kando ya kijiji cha wavuvi na wafugaji ambao hawajaambiwa kitu unaweza kuleta balaa hata kama karatasi zako zote zimekamilika.

Kuna pia ukanda wa mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira hayo, ndani ya umbali huo kutoka kwenye ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Banda la kujificha, kambi, kukata matete ili kufungua uwazi wa kulenga, yote hayo yanaangukia humo. Na matete yale ndiyo mazalia. Ukipita na mtumbwi taratibu utaona kiota kimetandikwa majani makavu juu kidogo ya usawa wa maji, na mara nyingi mama yake yuko hatua chache tu, ametulia akisubiri uondoke.

Njia za kuwinda nazo zina mipaka. Mitego, tanzi, nyavu, kuwinda usiku kwa mwanga wa taa, kuwinda kutoka kwenye gari: sheria inavikataza, na vingi vya hivyo ndivyo vinavyotumika kando ya maji. Lakini kinachoniumiza kuliko vyote ni sumu. Mtu analoweka nafaka kwenye kiuatilifu cha shambani, anaimwaga kwenye tope pale maji yaliporudi nyuma, anakaa pembeni. Ndege wanashuka kula. Dakika chache baadaye wanaanza kuyumba, shingo inalegea, mabawa yanaburuzika, wanaanguka wakiwa macho wazi. Anawaokota, anawanyonyoa upesi, na nyama inakwenda kuuzwa. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa, na anayeila ni mtoto wa mtu. Kenya, kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, matumizi ya dawa ya Furadan kuua ndege kwa ajili ya kitoweo yameandikwa na kupigwa picha kwa miaka mingi. Wasomaji wangu wa Mabogini na Chekereni wanaolima mpunga wanajua serikali hunyunyizia kwelea kwelea kutoka angani. Hiyo ni kazi ya wataalamu dhidi ya ndege mharibifu wa mazao, inafanywa kwa utaratibu, na watu huonywa wasiokote waliokufa. Haimpi mtu ruhusa ya kubeba chupa ya dawa kwenda bwawani.

Hata risasi halali ina madhara yasiyoonekana. Bata hana meno. Humeza changarawe ili firigisi lisage chakula. Marisau yanayokosa shabaha huzama kwenye tope, na bata anayachota akidhani ni changarawe. Firigisi linayasaga, madini ya risasi yanaingia kwenye damu, ndege anadhoofu siku baada ya siku mpaka anakufa au anakamatwa kirahisi na furukombe, ambaye naye anaila sumu hiyo. Punje chache zinatosha kumuua bata mmoja. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ndege wa maji wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, unaofahamika kama AEWA, na ambao Tanzania imo tangu mwaka 1999, ulizitaka nchi wanachama zijitahidi kuyaondoa marisau ya aina hiyo kwenye maeneo oevu. Kama una leseni na unakwenda kuwinda majini, tafuta marisau ya chuma. Yanaishiwa nguvu mapema, kwa hiyo usubiri ndege awe karibu, na kusubiri huko ndiko kunakokupa nafasi ya kumtambua.

Kutambua ndege ndiyo kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapoanguka. Saa kumi na mbili jioni, mwanga umefifia, kila kinachoruka juu ya maji ni kivuli. Mnandi, yule ndege mweusi mla samaki, akiwa mbali anafanana na bata. Bata bukini wa Misri akifungua bawa anaonyesha bapa jeupe pana sehemu ya mbele, hilo huwezi kulikosea ukilisubiri. Bata bukini yule mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye kiwiko cha bawa hupaa kwa uzito, akikimbia kwanza juu ya maji. Bata wale wadogo wenye uso mweupe hujitambulisha kwa miluzi kabla hujawaona. Mwari, korongo, flamingo, furukombe, hao usiwaelekezee hata mtutu. Na kama huna hakika, bunduki ibaki chini.

Kipindi kibaya kuliko vyote kwa bata ni anapobadilisha manyoya. Ndege wengine hudondosha manyoya ya bawa mojamoja na kuendelea kuruka. Bata wengi huyadondosha yote kwa pamoja, na kwa wiki kadhaa hawawezi kuruka kabisa. Utamwona anapiga mabawa yenye vishina vifupi tu, anakimbia juu ya maji akirusha povu, kisha anazama kwenye mafunjo. Vijana wenye mitumbwi wanakijua kipindi hiki, wanawazunguka na kuwapiga kwa makasia. Kundi lililotaga na kulea linamalizwa mchana mmoja.

Kuhusu nyama. Ndege aliyeuawa bila leseni ni nyara ya serikali, awe mzima, awe robo sufuriani. Anayekutwa naye ndiye anayetakiwa kuonyesha alimpata wapi kihalali. Na kosa la kukutwa na nyara hushtakiwa chini ya Sheria ya Uhujumi Uchumi, Sura ya 200. Nimeona sura za watu wanaposomewa neno hilo, uhujumi uchumi, kwa ajili ya ndege walionunua barabarani wakirudi kutoka msibani. Hawakuwahi kuwinda maishani mwao. Nyama ya porini halali huuzwa kwenye bucha zilizosajiliwa chini ya kanuni za mwaka 2020, pamoja na stakabadhi. Anayekusimamisha kando ya barabara akitoa bata kwenye mfuko wa salfeti hana stakabadhi.

Kuanzia Novemba mpaka Machi bwawa hupokea wageni: bata wadogo na ndege wa topeni waliotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Ukimkuta ndege amekufa, hasa wakiwa wengi pamoja, usimshike kwa mkono mtupu na usimpe mbwa. Huenda ni sumu, huenda ni mafua ya ndege. Piga picha, andika mahali, mpigie afisa wanyamapori na afisa mifugo wa wilaya siku hiyohiyo. Ukiona pete ya chuma mguuni, soma namba na maandishi yote yaliyochongwa, yapige picha kwa karibu, uyapeleke ofisini. Pete hiyo ina anwani ya kituo kilichomvisha, na namba yake inawaonyesha alikotoka na alivishwa lini. Kama ndege yuko hai, pete ibaki mguuni mwake.