Umri wa msikiti wa kale: tarehe ya ukutani haitoshi

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) yaliyochongwa kwenye matumbawe upande wa kibla. Yanataja mwezi wa Dhulkaada, mwaka 500 Hijria. Wengi huhitimisha kuwa jengo lote lina zaidi ya miaka 900, ilhali sehemu kubwa ya kilichosimama leo ilijengwa upya karne ya 18. Jiwe lililochongwa vizuri halitupwi. Fundi hulirudisha kwenye ukuta mpya. Ndiyo maana mtafiti wa historia ya dini hupima umri wa maandishi na umri wa ukuta kila kimoja peke yake.

Maandishi hupigwa picha gizani, taa ikimulika kutoka ubavuni ili herufi zitoe kivuli. Usipake chaki wala mafuta, kwani matumbawe hunyonya na doa halitoki. Wakati wa kugeuza tarehe, mwezi usiachwe: mwaka 500 Hijria ulianza Septemba 1106, lakini Dhulkaada ni mwezi wa 11, kwa hiyo tunaangukia katikati ya 1107.

Ukuta nao husomwa kuanzia chini. Huko Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, Kenya, uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Mark Horton miaka ya 1980 ulikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti, ya kwanza ikiwa ya karne ya 8. Bila kufika chini ya sakafu, Uislamu wa pale ungehesabiwa kuwa ulifika karne kadhaa baadaye.

Makaa yanayopatikana kwenye tabaka hizo za udongo hupimwa umri kwa kaboni 14, na hapa wengi huteleza. Kipimo husema lini sehemu ile ya mti iliota, si lini ilichomwa. Kiini cha gogo kubwa chaweza kuzidisha umri kwa miaka mia. Chagua mbegu au vijiti, ambavyo huishi muda mfupi.

Mwelekeo wa jengo nao hupimwa: kibla cha pwani yetu ni karibu kaskazini kabisa. Dira isitumiwe chini ya paa la mabati au karibu na nondo, kwani chuma hupotosha sindano yake. Makaburi hutoa ushahidi mwingine: maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla, yaani kichwa mashariki. Mwelekeo ukipotoka kidogo, usiharakishe kumtoa marehemu katika Uislamu. Hata misikiti ya mwanzo ya Shanga haikuelekea Makka sawasawa.