Shubaka la soko: maana ya soko mahususi kwa mwenye biashara ndogo mtandaoni

Ukiingia katika nyumba ya zamani ya mawe kule Lamu utaona ukuta wa ndani umechongwa vijishimo vya chokaa, safu juu ya safu. Wenyewe huviita zidaka, na ndimo vilimokaa vyombo vya kaure vya nyumba. Kwingine tunasema shubaka. Neno la Kifaransa “niche”, ambalo Waingereza walilichukua na wafanyabiashara wakalifuata, asili yake ni hiyo hiyo: nafasi iliyochongwa ukutani ili kitu fulani kikae na kienee. Wanaokwambia “tafuta niche yako” wanakwambia utafute shubaka, yaani sehemu ndogo ya soko kubwa ambayo biashara yako inaenea sawasawa na za wengine hazienei.

Kwa Kiswahili cha kawaida tunaliita soko mahususi. Maana yake ni kundi la watu wanaofanana kwa hitaji moja ambalo wauzaji wa watu wote hawalitimizi vizuri. Naomba msomaji ashike neno watu. Wengi hudhani soko mahususi ni bidhaa, kwa hiyo wanauliza “niuze nini?” Swali hilo linawapeleka wote kwenye makava ya simu na mafuta ya nywele, wakashindana kushusha bei mpaka faida inakwisha. Swali linalofaa ni “nani anahangaika kutafuta kitu, na hakipati?”

Tuchukue viatu vya kike. Zunguka Mtaa wa Kongo, Kariakoo, utaona viatu vya kila rangi, lakini seti za jumla mara nyingi zinaishia namba 41, pengine 42. Mwanamke anayevaa 43 au 44 anazunguka na jua lote, anaambiwa “dada, namba yako haipo,” na mwisho ananunua raba za kiume au anajibana vidole ndani ya 42 siku ya sendofu ya mdogo wake. Huyo ana hitaji la kweli, analijua, na linamuuma kihalisi kabisa. Kusema “nauza viatu vya kike” hakujakupa shubaka. Kusema “nauza viatu vya kutokea kwa wanawake wanaovaa 43 hadi 45” tayari kumekupa.

Kwa nini basi hakuna duka zima la hao Kariakoo? Kwa sababu fremu inaishi kwa wapita njia, na kati ya wapita njia wa siku moja wa 44 ni wachache mno kulipa kodi ya fremu. Hapo ndipo mtandao unapobadilisha hesabu. Wachache wa Dar es Salaam, ukiwajumlisha na wachache wa Mwanza, Mbeya, Songea na Unguja, wanakuwa wateja wa kutosha kumlisha mtu mmoja, na mzigo unawafikia kwa basi au boti. Jeff Bezos alipoanzisha Amazon mwaka 1994 alichagua vitabu kwa fikra inayokaribiana na hii: aina za vitabu ni nyingi kuliko rafu za duka lolote, kwa hiyo anayetafuta kitabu kisicho cha kawaida angekuja kwake.

Lakini si kila shubaka lina faida, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Watu wa kundi hilo lazima wawe na fedha na nia ya kuitoa. Lazima uweze kuwafikia bila kutumia fedha nyingi kuliko watakazokuachia. Na bidhaa yenyewe lazima isafirike. Mama aliyehamia Kanada anatamani achari ya embe ya nyumbani na anatamani kanga. Chupa ya achari ni nzito, inavunjika, na chakula kina masharti yake mpakani. Doti ya kanga ni nyepesi, haiozi, inakunjwa ikaingia kwenye bahasha. Mteja ni yule yule na hamu ni ile ile, ila moja inaweza kuwa biashara na nyingine ikakumaliza kwa nauli.

Halafu fanya hesabu kwenye karatasi, usifanye kichwani. Tuseme, kwa mfano tu, jozi ya namba 43 inakufikia stoo kwa shilingi 30,000 na unaiuza 55,000. Kichwani unaona 25,000 kila jozi, kwa jozi kumi 250,000. Sasa tuseme matangazo ya kulipia yamekula 40,000, mifuko 10,000, makato ya simu 10,000, na jozi moja imerudi kwa sababu ilimbana mteja, ukalipa bodaboda kwenda na kurudi 10,000. Umeuza tisa, ukapata 495,000. Ondoa mtaji wa jozi tisa, 270,000, ondoa na hizo gharama 70,000. Mkononi umebaki na 155,000, na ile jozi ya kumi bado iko rafuni. Bado ni faida nzuri, lakini si ile ya kichwani, na muda wako haujalipwa humo.

Shubaka linatafutwa wapi? Mimi huanzia kwenye maoni chini ya picha za wauzaji wakubwa. Picha haina habari nyingi. Habari iko kwenye maswali. “Namba 43 ipo?” “Mzigo wa 44 unakuja lini?” Swali linalorudiwa na watu tofauti bila kujibiwa ni tundu ukutani. Yaandike, yahesabu kwa wiki tatu au nne. Angalia pia maneno ambayo sehemu ya kutafutia inakumalizia unapoanza kuandika. Google Trends ni ya bure na inaonyesha msimu wa kitu kutafutwa, ila namba zake za 0 hadi 100 ni za ulinganisho, si idadi ya watu. Nimeona mtu akisherehekea 100 akidhani amepata wateja mia. Na usidharau kazi uliyowahi kufanya. Aliyekuwa muuguzi anajua viatu vya kusimama saa 12 kuliko mwenye duka yeyote.

Ukishashuku kwamba shubaka lipo, usikimbilie kuagiza makatoni. Mwaka 1999 Nick Swinmurn, aliyekuwa amekosa viatu alivyovitaka madukani San Francisco, alipiga picha viatu vya maduka ya watu, akaviweka kwenye tovuti, na mtu akiagiza alienda kuvinunua kwa bei ya dukani na kumtumia. Hakupata faida katika jozi hizo. Alichopata ni jibu: watu wako tayari kununua viatu bila kuvigusa. Tovuti hiyo ikawa Zappos, na mwaka 2009 Amazon ikainunua. Winga wa Kariakoo anaijua njia hii vizuri: anapiga picha mzigo wa duka, anauweka kwenye status, anaongeza cha juu chake. Tofauti ni kwamba wewe unafanya ili ujifunze, kwa hiyo mwombe mwenye duka ruhusa, mweleze mteja ukweli kuhusu siku ya kupokea mzigo, na upime kwa kianzio kilicholipwa. Moyo mwekundu kwenye picha na “nzuri dada” havikuonyeshi kama kuna mnunuzi. Watu watano waliotuma kianzio wanakuonyesha.

Kuna wanaochonga shubaka dogo mno. Viatu vyeupe vya visigino virefu kwa maharusi wa namba 45 tu ni kundi ambalo mteja wake, hata akiridhika, harudi tena. Wa 43 wa kazini anarudi akichakaza, na anamleta dada yake, kwani mguu mkubwa mara nyingi ni wa ukoo.

Na ukifanikiwa, wengine wataona. Picha zako zitachukuliwa, bei yako itapunguzwa elfu mbili. Wasichoweza kuchukua ni daftari: urefu wa mguu wa kila mteja kwa sentimita, nani ana unyayo mpana, nani alirudisha kiatu gani na kwa nini. Mteja wa Songea akiandika “nataka kama vile vya mwezi wa sita, ila vyeusi,” unafungua ukurasa wake na unajua kwamba kiatu cheusi ulichonacho kitambana mguu wa kushoto, kwa hiyo unamwambia asubiri mzigo unaofuata.