Kwenye karatasi wameandika "asimptomatiki", hiyo sio kupona

Kila kinga tiba ya kichocho ikifika huku mwaloni tunasikia lilelile, mwanangu haumwi dawa ya nini, na siku hizi kuna wanaosoma asimptomatiki kwenye majibu wanarudi nyumbani wanatangaza hawana kitu. Jamani, hapana.

Neno lina asili ya Kigiriki. "Sin" ni pamoja, "piptein" ni kuanguka, ukiziunganisha unapata simptoma, yani jambo lililomwangukia mtu, madaktari wakalichukua kuwa dalili. Ile "a" ya mbele ni kukanusha tu. Kwahiyo kinachokanushwa ni dalili, ugonjwa haujakanushwa popote, soma mstari wa juu yake umeandikwa mayai ya minyoo ya kichocho yameonekana.

Na wengi wanasubiri mkojo wa damu. Hiyo ni dalili ya kichocho cha kibofu, huku ufukweni tunachokutana nacho zaidi ni kichocho cha tumbo. Choo unacholeta tunakichuja kwenye wavu, tunajaza kitundu cha kipimo kinachobeba miligramu 41.7, tunafunika na selofeni iliyolowekwa kwenye gliserini, tunahesabu mayai halafu tunazidisha mara 24 kupata idadi kwa gramu moja, ndio maana ukileta kidogo sana tunakurudisha, sio kukusumbua. Yai lenyewe lina mwiba ubavuni, ukiliona mara moja hutalisahau. Nimeliona kwenye choo cha mtoto aliyekuwa anacheza mpira nje ya dirisha la maabara wakati mama yake ananiambia huyu mzima kabisa.

Na kweli alikuwa anakimbia vizuri, sikumbishia. Ila mnyoo unaishi miaka ndani ya mishipa ya damu unataga kila siku, mayai mengine yanatoka, mengine yanakwama kwenye ini, ini linapata makovu kimyakimya, mtu anakuja kustuka tumbo limejaa maji au anatapika damu.

Prazikwanteli, ndiyo dawa yenyewe ya kichocho, inatolewa miligramu 40 kwa kilo ya uzito, shuleni badala ya mizani tunampima mtoto urefu kwa fimbo tunajua vidonge vingapi. Haiui minyoo michanga na ukirudi kwenye maji yenye konokono wanaoeneza kichocho unaambukizwa upya, kwahiyo kumeza mwaka jana sio sababu ya kukataa mwaka huu. Kizunguzungu na kichefuchefu vinaweza kutokea, huwa vinapita, ila watoto wanaoletwa na njaa ndio wanateseka zaidi, naombeni asubuhi hiyo wale uji washibe kwanza.