Namna ya kusoma sensa ya kijiji kidogo cha India

Katika sensa ya India ya mwaka 2011, kila kijiji kilipewa mstari wake katika jedwali, hata kama kina kaya chache tu. Humo utakuta idadi ya wanaume na wanawake, watoto wa chini ya miaka 7, wanaojua kusoma na kuandika, na wafanyakazi. Kazi yangu ni takwimu za watu, na inaniuma kuona mstari huo ukitumiwa kukihukumu kijiji kwa haraka.

Tubuni kijiji cha watu 800. Watoto wa chini ya miaka 7 ni 110: wavulana 60, wasichana 50. India huhesabu wasichana kwa kila wavulana 1,000, kwa hiyo hapa tunapata 833. Kitaifa ilikuwa 919, na Haryana, jimbo lililoshika mkia, 834. Msomaji akiona hivyo anasema moja kwa moja kwamba wanakijiji hawa wanatoa mimba za wasichana. Tabia hiyo ipo, tena sheria ya kuzuia kupima jinsia ya mtoto aliye tumboni ilitungwa tangu 1994. Lakini wangeongezeka wasichana 5 tu, uwiano ungefika 917, karibu sawa na wa taifa. Watoto watano! Kijiji kidogo hakiwezi kubeba tuhuma nzito namna hiyo kwa hesabu ya mwaka mmoja. Jimbo la mamilioni ya watu linaweza, na Haryana haina pa kujificha.

Kwenye elimu, kosa la kawaida ni kugawanya kwa watu wote. Watoto wa chini ya miaka 7 huondolewa kwanza. Kama wanaojua kusoma ni 483, unagawanya kwa 690 na kupata asilimia 70. Ukigawanya kwa 800 umewapunja wanakijiji karibu pointi 10 za asilimia.

Upande wa kazi, sensa hutenganisha mkulima na kibarua wa shambani. Anayelima shamba la kukodi au la kugawana mavuno huhesabiwa mkulima, hata kama hana ardhi yake. Mwaka 2011 vibarua walikuwa takriban milioni 144, wakulima milioni 119. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwaka huwekwa kundi la pembeni, na wanawake wengi wa vijijini huangukia humo, ingawa maji, kuni na mifugo ya nyumbani haviwapi likizo.

Suala la tabaka, yaani daraja la kijamii ambalo Mhindi huzaliwa nalo, ndilo gumu zaidi. Sensa huhesabu Matabaka Yaliyoorodheshwa, yaani Wadalit, watu waliokuwa wakitengwa kama wasioguswa, na Makabila Yaliyoorodheshwa, yaani jamii za kikabila zinazotambuliwa na serikali. Kitaifa ni asilimia 16.6 na 8.6. Viti vya baraza la kijiji, panchayat, hutengwa kwa kufuata idadi hizo. Hata hivyo Mdalit aliyesilimu au kuwa Mkristo hahesabiwi humo, kwa kuwa orodha ya matabaka ni ya Wahindu, Masingasinga na Wabudha pekee. Waliobaki wote, mwenye mashamba makubwa na mfinyanzi maskini, wamerundikwa pamoja bila jina la tabaka, maana hesabu kamili ya matabaka iliyochapishwa mara ya mwisho ni ya 1931. Serikali imetangaza kwamba sensa ya 2027 itauliza tabaka la kila mtu. Ninachotaka kuona kwanza ni vijiji ambavyo leo vinasomeka kama vya watu wa aina moja.