Mwenye Mashaka Hajamkufuru Roho Mtakatifu

Miongoni mwa maneno ninayoambiwa na watu wanaokuja kutafuta ushauri wa kiroho, hakuna yanayonichosha kama haya: "Mchungaji, nadhani nimemkufuru Roho Mtakatifu, kwa hiyo sina msamaha." Ukimwuliza mtu huyo amefanya nini hasa, atakwambia kwamba amejiuliza kama Mungu yupo, au amekaa muda mrefu bila kuomba, au wazo baya juu ya Mungu lilimpitia akilini katikati ya ibada. Kwa dhana hiyo huacha kutubu, akiamini kwamba sharti mashaka yaishe kwanza ndipo astahili kusamehewa.

Lawama kubwa ninawapa wahubiri wanaounukuu mstari wa Marko 3:29, unaosema kwamba anayemkufuru Roho Mtakatifu hana msamaha milele, bila kusoma kisa kinachouzunguka. Katika Marko 3, waandishi waliotoka Yerusalemu waliona watu wakifunguliwa, nao wakatangaza kwamba Yesu anatoa pepo kwa nguvu za Beelzebuli, mkuu wa pepo. Yesu alianza kwa kusema kwamba wanadamu watasamehewa dhambi zote pamoja na kufuru zao, ndipo akataja ile moja. Na Marko anaeleza sababu yake katika mstari wa 30, kwamba walikuwa wamesema ana pepo mchafu. Watu wale hawakuwa na shaka hata kidogo. Walikuwa na uhakika kamili, waliiita kazi ya Mungu kazi ya shetani, wala hawakuona kwamba wanahitaji kusamehewa. Anayekosa usingizi kwa kuogopa kwamba amempoteza Mungu yuko mbali sana na hali hiyo, kwa maana bado anamtaka Mungu.

Wenye mashaka walitendewa vingine kabisa. Baba wa kijana mwenye pepo, katika Marko 9:24, alikiri imani na kutokuamini kwa pumzi moja, na mwanawe akaponywa. Yohana Mbatizaji, akiwa gerezani, alituma watu waulize kama Yesu ndiye yule ajaye au wamtazamie mwingine. Alijibiwa kwa kuelezwa matendo yanayotendeka, kisha Yesu akamsifu mbele ya makutano. Mathayo 28:17 inasema kwamba baadhi ya wanafunzi waliona shaka hata walipomwona Bwana aliyefufuka, lakini mistari inayofuata inawapa wote agizo lilelile bila kuwatenga wenye shaka. Najua nitatajiwa Yakobo 1:6, inayosema kwamba anayeomba aombe kwa imani bila shaka yoyote. Yakobo anamkemea mtu mwenye nia mbili, anayeomba hekima huku moyo wake ukiwa haujaamua kumtegemea Mungu. Hamkatazi anayehangaika asiombe. Waraka wa Yuda, katika mstari wa 22, unaagiza wazi kwamba walio na shaka wahurumiwe.

Ndiyo maana humwambia kila mmoja atubu akiwa na mashaka yake, asiyasubiri yaishe, na kabla ya hapo atenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya mno. Dhambi inayojulikana, kama vile uongo, uzinzi au chuki, iungamwe kwa jina lake. Swali la kweli kuhusu Mungu halitubiwi. Linasomewa, linajadiliwa na kuombewa. Wapo pia ambao tatizo lao si dhambi wala swali, bali ni uchovu au msiba, na hao wanahitaji kupumzika na kufarijiwa kabla ya mahubiri yoyote.

Dhana nyingine hazihitaji maelezo marefu. Wengi husema kwamba kama wangekuwa wamesamehewa wangehisi amani, ilhali 1 Yohana 1:9 inauegemeza msamaha kwenye uaminifu na haki ya Mungu, wala haitaji hisia za anayeungama. Wengine huungama dhambi ileile kila siku wakidhani toba ya kwanza haikufika. Martin Luther, aliyeingia utawani mwaka 1505, aliungama kwa saa nyingi hadi mlezi wake, Johann von Staupitz, akachoka, na kuungama huko hakukumpa utulivu. Wapo pia wanaodhani kwamba sharti mtu ajisamehe mwenyewe kwanza ndipo Mungu amsamehe, lakini sharti hilo sijaliona popote katika Maandiko. Na anayedhani kwamba msamaha hufuta matokeo yote ya kosa asome 2 Samweli 12, ambapo Daudi anaambiwa kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na papo hapo anatajiwa hasara itakayompata.

Dhana ya mwisho ni kwamba anayesamehewa hufanywa upya kwa siku moja, na asiyeona badiliko hilo hudhani ametupwa. Zaburi ya 51 haisemi hivyo. Daudi anaungama kwanza, kisha anaomba moyo safi, na katika mstari wa 12 anaomba arudishiwe furaha ya wokovu, maana yake ni kwamba aliungama akiwa hana furaha hiyo. Mstari unaofuata anaahidi kuwafundisha wakosaji njia za Mungu, na hakuna mahali katika zaburi hiyo anaposema kwamba furaha imekwisha kurudi.