Kusifiwa kwenye fomu si kufundisha

Mhadhiri wa chuo hapa Malindi akisifiwa na wanafunzi kwenye fomu za tathmini za mwisho wa muhula, huamini kafundisha. Si lazima. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya madarasa ya fizikia: waliotatua maswali wenyewe walijifunza zaidi, ila walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu.

Mhadhiri anayejichunguza kweli huanza na swali finyu. Wa mapishi, tuseme: kwa nini kukokotoa gharama ya samaki wa kupaka huwashinda wanafunzi? Huwapa jaribio kabla na baada ya somo, kisha husoma makosa mstari kwa mstari. Huenda akakuta wanapiga hesabu ya kilo nzima bila kutoa kichwa na matumbo.

Fomu ibaki, ya kuulizia kama sauti inafika nyuma.