Rubani hakuwatupa. Alitua

Ujumbe umeingia tena, safari hii kutoka kwa shemeji yangu wa Uyole, mtu ninayemheshimu kwa mambo mengine yote. Ni video iliyopigwa dirishani: ndege inagusa lami ya uwanja wa Songwe, hapa Mbeya, kwenye mvua, makabati ya mizigo yanatikisika, mama mmoja anamwita Yesu. Chini yake kaandika: "Injinia, huyu rubani katutupa kama gunia la viazi. Hao wanaotengeneza ndege na kompyuta zao zote hawaoni?"

Wanaona, shemeji. Ila wanachokiona sicho unachokilalamikia. Nimeshajibu hoja hii kwenye magrupu, msibani na kwenye foleni ya Mwanjelwa, na sasa naiandika ili siku nyingine nitume kiungo tu.

Kazi yangu ni kuchambua data za safari za ndege. Ndege ina kinasa ambacho kadi yake tunaichomoa, au kinatuma chenyewe kwa mtandao wa simu injini zikishazimwa, na mimi nakaa kutazama kila safari ilivyopaa, ilivyoshuka na ilivyogusa. Sanduku jeusi linangoja ajali; hiki hakingoji. Hayo mtayasoma popote, napita.

Imani inayonichosha ni kwamba kutua vizuri ni kutua bila kujua umetua. Rubani akigusa taratibu, makofi. Akigusa kwa kishindo, watu wanasonya na video inazunguka mkoa mzima. Sina ugomvi na makofi, pigeni. Ugomvi wangu ni kuyageuza makofi kuwa cheti cha usalama.

Tuanze na uimara. Kanuni za kuidhinisha ndege kubwa, za Marekani na za Ulaya, zinataka miguu ya ndege ihimili kugusa ardhi ikiwa inashuka futi 10 kwa sekunde, yaani mita 3 hivi, ikiwa na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kutua. Kutua kwa kawaida ni chini ya mita 1 kwa sekunde. Kilichomfanya yule mama amwite Bwana pengine ni mita 1.5. Na kwa kuwa nishati inapanda kwa mraba wa kasi, mita 1.5 ni robo tu ya nishati ambayo ule mguu umejengewa kuimeza.

Sasa tazameni upande wa pili, gharama ya kutua kwa ulaini. Songwe iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni pungufu kwa takriban asilimia 12 ikilinganishwa na hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Bawa linahitaji hewa ileile ili libebe uzito uleule, kwa hiyo ndege inayosoma kasi ileile kwenye dashibodi inakimbia juu ya ardhi karibu asilimia 7 zaidi, na nishati ambayo breki zitapaswa kuila inazidi kwa asilimia 14 hivi. Jua likiwaka, zaidi ya hapo. Kipimo kikionyesha kilomita 220 kwa saa, lami inakupita chini kwa karibu 235, ambazo ni mita 65 kila sekunde.

Rubani akiamua kuwafurahisha, anainua pua, anaiacha ndege ielee, anaitafuta lami polepole. Sekunde tano za raha hiyo ni zaidi ya mita 300 za njia ya kurukia zilizobaki nyuma, na ndege bado iko hewani, breki hazina cha kushika. Pale Songwe haionekani kama kosa, maana njia ina zaidi ya kilomita tatu na inasamehe. Hapo ndipo ninapokuna kichwa: uwanja unaosamehe unafundisha mazoea, na mazoea yanapanda ndege pamoja na rubani kwenda kwenye uwanja usiosamehe.

Njia ikiwa imelowa, na wa Mbeya tunajua mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili, kishindo kinakuwa kazi yenyewe. Tairi linatakiwa lipasue utando wa maji, lishike lami na lianze kuzunguka. Tena kuna jambo ambalo abiria halioni kabisa: ndege yenyewe inatakiwa ijue kwamba imetua.

Hapa ndipo watengenezaji walipofundishwa kwa maisha ya watu. Tarehe 26 Mei 1991, Boeing 767 ya Lauda Air ilikuwa inapanda juu ya Thailand wakati revasa ya injini moja, kifaa kinachogeuza msukumo wa injini ili ndege ipungue kasi, ilipofunguka yenyewe angani. Watu wote 223 walikufa. Kwa hiyo hakuna mhandisi mwenye akili anayetaka vifaa vya kusimamisha ndege vikubali kufunguka kabla magurudumu hayajakaa chini. Ni sawa kabisa. Lakini ukikaza mlango huo mno, unakutana na yaliyotokea Warsaw, Poland.

Warsaw, 14 Septemba 1993, Airbus A320 ya Lufthansa. Mvua, na upepo uliogeuka ukawa unaisukuma ndege kutoka nyuma. Marubani walikuwa wameambiwa wategemee upepo wa ubavuni, wakaja na kasi ya ziada na bawa la kulia limeinama, kama walivyofundishwa. Mguu wa kulia ukagusa kwa ulaini. Wa kushoto ukagusa sekunde tisa baadaye. Kompyuta ilikuwa imeandikiwa hivi: spoila, vile vibao vinavyosimama juu ya bawa na kuua uwezo wake wa kubeba, zisifunguke mpaka kila mguu mkuu ubebe tani 6.3, au magurudumu yazunguke kwa kilomita 133 kwa saa. Revasa zenyewe zilidai miguu yote miwili iwe imebonyea. Magurudumu yalikuwa yanateleza juu ya maji, hayazunguki inavyotakiwa. Kwa sekunde tisa ndege ilikuwa ardhini kwa macho ya kila mtu isipokuwa kompyuta zake. Ikapita mwisho wa njia ya mita 2,800, ikapiga tuta, ikawaka moto. Wawili walikufa kati ya watu 70. Baadaye kizingiti cha uzito kilishushwa.

Kutua laini, mnaona. Pengine abiria wa siti za mbele walikuwa wanajiandaa kupiga makofi.

Na sasa pangaboi. Nimewasikia stendi ya Nane Nane mkisema ndege ya Q400 "inapiga chini" kwa kuwa ni ya kizamani, ina mapanga. Mapanga hayahusiki. Q400 ni mwili mrefu, karibu mita 33, umekaa juu ya miguu iliyo chini ya injini. Ukiinua pua sana wakati wa kutua ili ulainishe, mkia unakwaruza lami. Nafasi ni ndogo kiasi kwamba marubani wanafundishwa kutoinua pua zaidi ya nyuzi 6 karibu na ardhi, na chini ya mkia kuna swichi inayowasha taa kwenye chumba cha rubani mkia ukigusa. Kwa hiyo kushuka kunapunguzwa kwa nguvu ya injini, si kwa kuvuta pua, na ndege inakaa chini kwa uthabiti. Kile kishindo ni maelekezo ya kitabu. Na yale mapanga mnayoyadharau yakilazwa bapa baada ya kugusa, ule mngurumo unaowashtua, yanakuwa ukuta wa hewa unaopunguza kasi vizuri mno.

Kwa upande wa uvumbuzi, Airbus walichukua miaka ya data za ndege zilizopita mwisho wa njia na wakatengeneza mfumo unaoitwa ROPS. Wakati ndege inashuka, unapiga hesabu bila kukoma: kwa kasi hii, uzito huu, upepo huu, tutasimamia wapi, lami ikiwa kavu au ikiwa imelowa? Jibu likizidi urefu wa njia, sauti inapigwa kwamba njia ni fupi. Ukishagusa na jibu bado linazidi, sauti inadai breki kamili. Uliidhinishwa kwanza kwenye A380 mwaka 2009, kisha ukashuka kwenye ndege zao nyingine. Tangu 2017 wana pia Skywise, jukwaa ambalo mashirika yanaweka data zao pamoja. Msidhani mtengenezaji anawaona moja kwa moja kila mnapotua: data ni mali ya shirika, na mtengenezaji anaipata kwa mkataba tu.

Angalieni huo mfumo unapima nini. Mahali, kasi, umbali uliobaki. Hakuna mahali unapopima kama mama kamwita Yesu.

Na sasa niseme kinachonikera zaidi kuliko video za shemeji, maana kinatoka kwetu wenyewe. Kuna ofisi moja, siitaji, ilikuwa inabandika ukutani wastani wa g wa kila rubani wakati wa kugusa. G ni kipimo cha kishindo: 1 ni kukaa kimya, 1.3 ni kawaida, na ukifika kwenye 2 na kitu, kutegemea aina ya ndege, mafundi wanaanza kukagua miguu. Baada ya ule ubao, g zikashuka, mabosi wakafurahi. Mahali pa kugusa pakaanza kusogea mbele, na ubao haukuwa na safu ya hilo. Marubani ni watu. Ukiwapima kwa ulaini watakupa ulaini, na watakulipa kwa mita za lami.

Tena hiyo g yenyewe si ya kuapia. Inanaswa mara 8 au 16 kwa sekunde. Kilele cha kishindo ni kifupi mno, kinaweza kupita katikati ya vipimo viwili na mimi nikaandika 1.5 kwa kitu kilichokuwa 1.8. Kihisi chake kiko karibu na kitovu cha uzito, kwa hiyo alichosikia wa siti ya nyuma kabisa ni kitu kingine. Ndiyo maana hata Boeing wanamwachia rubani neno la kwanza: akisema ilikuwa nzito, ndege inakaguliwa, namba iseme isemavyo. Nimewahi kukaa kwenye vikao ambako mtu alitetemeshwa kwa tofauti ya 0.1. Kwa kipimo hicho, 0.1 ni kelele.

Na umbali wa kugusa ninaoupigania hapa? Nao una aibu zake, vitabu havizisemi kwa sauti. Kinasa hakina mstari unaosema "hapa ndipo tulipogusa". Mimi naukisia wakati huo kwa kuunganisha kimo kinachopimwa kwa mawimbi ya redio, kuruka kwa g na swichi ya miguu. Mguso ukiwa laini sana, hakuna kilele cha g, na swichi inachelewa. Nikikosea sekunde moja nimekosea mita 65. Yaani rubani laini kuliko wote ndiye ambaye data yake naiamini kidogo kuliko zote. Kisha lazima nichague kizingiti cha kusema "umegusa mbali": mita 600? 750? Kila upande una hoja, na kuna miezi nabadili mawazo.

Mseme basi rubani akiona mambo hayajakaa sawa apae tena. Ndiyo, afanye hivyo. Lakini mnajua mnavyomchukulia akifanya. "Kashindwa kutua." Shirika la Flight Safety Foundation lilikuta kwamba kati ya ndege zinazokaribia uwanja bila kutulia, kwa kasi au kimo kisicho sahihi, asilimia 97 zinaendelea kutua hivyohivyo. Mangalore, India, 22 Mei 2010: ndege ilikuja juu mno, rubani msaidizi akasema wapae tena, nahodha akaendelea. Wakagusa karibu mita 1,600 ndani ya njia ya mita 2,450 iliyoko juu ya kilima. Walikufa 158. Ndege ikipaa tena Songwe kwa ajili ya ukungu, hapo ndipo mpige makofi.

Kuna pengo moja ambalo sina jibu lake zuri. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, tangu 2005, kinalazimisha programu ya kuchambua data kwa ndege zinazozidi kilo 27,000. Q400 inaingia kwa tabu, ina kama tani 29 au 30. ATR 72, pangaboi nyingine ya tani 23, iko kwenye eneo la "inashauriwa". Caravan, vindege vidogo vinavyopeleka watalii Ruaha, hazifiki tani 4, na hakuna anayezidai chochote, ingawa ndizo zinazotua kwenye viwanja vifupi vya vumbi, mbuga ikiwa imejaa swala na joto la adhuhuri.

Data yenyewe ipo lakini. Caravan zenye skrini za Garmin G1000 zinaandika safari nzima kwenye kadi ya SD, tundu la juu la skrini ya kati: kasi, kimo, mahali, joto la injini. Marubani mnaotua Msembe, kiwanja cha kule Ruaha, mkija mjini njooni nayo na kompyuta. Nitawasomea bure, na majina yenu siyahitaji.